App yangu ilimwambia mama atembee juu ya ziwa mpaka zahanati

Wakuu, habari za muda huu. Nasimulia hili bila kuongeza chumvi. Kama ulikuwepo ukumbini siku ile, nakuomba usinitaje jina.

Mimi ni kijana wa Mabatini, hapa Mwanza, mambo ya code nimejifundisha mwenyewe. Nyumbani ni ng'ambo, upande wa Kamanga, ambako mzee ana mashine ya kusaga. Mzee hajawahi kuielewa kazi yangu. Kwake, mtu anayeshinda na laptop anacheza.

Likatangazwa shindano hapa mjini: tengeneza app ya kusaidia maendeleo kwa kutumia data huria, zile takwimu zilizowekwa wazi mtandaoni kwa kila mtu. Nikampigia mzee. Akasema, "Nenda. Ukikosa, unarudi kusimamia mashine, na hiyo laptop tunaiuza."

Kurudi kushinda na pumba kichwani sikutaka kabisa. Nikakomaa.

App ilikuwa rahisi. Nilichukua data za zahanati na mahali zilipo. Unaandika ulipo, inakupa ya karibu na dakika za kutembea. Nikaijaribu Mabatini, safi. Nikaenda stendi ya Buzuruga, safi. Nikaanza kuwaza suti ya kupokelea zawadi.

Siku ya siku mama akavuka na kivuko kuja kunishuhudia. Kavaa kitenge kipya, kakaa mbele kabisa, kila anayepita anaambiwa, "Yule pale ni wangu."

Zamu yangu ikafika, nikatiririka. Jaji mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani, akasema tujaribu na mtu yeyote wa ukumbini.

Mimi na kiherehere changu nikamwita mama yangu!

Nikaandika kijiji chetu, nikampa simu na kipaza sauti asome mwenyewe. Akasoma kwa sauti ya kanisani: "Zahanati ya karibu ipo Mwanza mjini. Tembea dakika hamsini."

Jaji akavua miwani. "Mama, kutoka kwenu mpaka huku mjini, katikati kuna nini?"

"Maji," mama akajibu.

Wakuu, nilisahau ziwa.

App ilikuwa inapima kwa mstari ulionyooka, na mimi nilikuwa nimeijaribu nchi kavu tu. Na ziwa lenyewe lilikuwa linaonekana dirishani, nyuma ya majaji!

Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Aokoke kwanza ndiyo atembee!" Watu wakavunjika mbavu.

Sasa mama yangu hataki mwanawe achekwe. Akakamata kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mnacheka nini? Mwanangu ana akili. Kama simu imesema nitembee, nitatembea!"

Nilitamani ardhi inimeze. Na bado sijawahi kumpenda mama kama dakika ile.

Sikupata kitu. Jioni namsindikiza mama kivukoni, simu ikaita. Mzee.

"Umeshinda?"

"Hapana, baba. Nilisahau ziwa."

"Ziwa gani?"

"Hili hili la kwetu."

"Lote?"

"Lote, baba."

Nikasikia mashine inazimwa. Mzee alikuwa anacheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake tangu nizaliwe. Mama akaninyang'anya simu. "Baba nanihii, zahanati zote zimo mle. Kilichokosekana ni maji tu."

"Basi abaki huko huko," mzee akasema, kwa sauti hata mimi pembeni nikamsikia. "Mtu anasahau ziwa zima, mashine yangu si ataniunguzia? Laptop isiuzwe. Akaliweke ziwa."

Nimeshaliweka, wakuu, pamoja na kivuko.

Nilichojifunza: kabla hujaisaidia dunia kwa laptop, chungulia dirishani kwanza.

Haya, na wewe mkuu, kitu gani kikubwa ulishawahi kukisahau? Kunicheka ruksa, ila mama nimemfungulia akaunti humu na anasoma kila comment.