Kiti cha Pembeni

Mama fundi wa breki pale Pietermaritzburg hakuwa na mazoea ya kusifia bidhaa zake. Kila diski aliyoishika aliigonga kwa ukucha, akainamisha sikio, kisha akaipangusa kwa pindo la aproni kama sahani ya mgeni. Mteja wake, Pravesh, alitaka seti ya bei mbaya, yenye kalipa kubwa nyekundu za kubana diski. Tangu breki zilipomgomea mteremkoni, mkewe hakuwa amepanda tena kigari cha mbio cha mumewe.

"Hiyo ni ya mashindano. Pedi zake hazishiki mpaka zipate moto," mama yule alisema kwa sauti yake ya chini. "Wewe unateremka na mke, mwanangu. Chukua diski hizi za kawaida, pedi imara za barabarani, na mafuta ya breki yasiyochemka upesi."

"Anti, una hakika?"

Mama akachukua spana. Alipomaliza kuzifunga, aliketi kiti cha pembeni mwa dereva, akavuta mkanda. Mteremkoni Pravesh alikanyaga breki kabla ya kila kona, na kila mara gari likatii. Akaitupia jicho mikono ya yule mama. Ilikuwa imelala mapajani, viganja wazi, haijashika kitu.

"Geuza," mama alisema. "Kamchukue mkeo."