Kaka Yangu Aliandikwa Baba, Sasa Mjukuu Wangu Hana Dawa

Basi sista wa hospitali ya misheni akauliza tena, "Mwenye mtoto ni nani?" Kaka yangu akasimama. "Mimi." Wakamwandika baba.

Hatukudanganya jamani. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Binti yangu aliyemzaa alishafariki, naye hakuwa na kaka, sasa asimame nani kama si mjomba wake, kaka yangu mimi? Lakini yule sista katoka mbali, baba anayemjua yeye ni aliyezaa.

Mimi ni bibi wa huku milimani, juu ya Mkuyuni. Umri siujui, ila meno yaliyobaki yanahesabika. Ananiandikia mwalimu wa dini. Nyie wa ukurasa huu wa gazeti jina langu msilitoe.

Mjukuu wangu ana ugonjwa wa damu kutoganda. Kazaliwa nao, wenye nao ni wachache sana. Akijikwaa kidogo, goti linavimba kama boga. Zamani hospitali bure, ila sabuni hakuna, sukari foleni. Siku hizi biashara ruksa, sabuni zipo za kila rangi, hata mitumba inapanda huku, nimepata koti zito mpaka kuku wananikimbia. Lakini hospitali nayo unachangia, na dawa ya huyu mtoto ni maji yanayotolewa kwenye damu za watu, ghali. Masista wana mfuko wa msaada. Wao wanalipa sehemu kubwa, sisi kidogo, ila hicho kidogo akilete mwenyewe aliyeandikwa, wajue mtoto ana mtu. Nikauza kabichi, kaka akawa anapeleka.

Tukaenda vizuri mpaka daktari akamweleza kaka kwamba ugonjwa huu unapitia kwa mama. Alirudi kanuna. Akaniambia, "Ukoo wetu hauna damu mbovu. Mimi sishuki tena." Na wadogo zangu akawakataza kuja kwangu. Walikuwa wanakuja jioni tunachambua maharage, tunasengenya, tunacheka. Sasa wanapita njia ya juu. Nikipika naongea na sufuria.

Ndipo akatokea aliyemzaa mtoto, anafanya kazi kwenye miwa Turiani. Kijana ana adabu, aliniamkia amechuchumaa. Akasema, "Mama, nitajiandikisha mimi na kuchangia nitachangia. Ila mtoto naondoka naye. Kwetu mtoto ni wa baba." Nikamwambia aningoje. Kafikia hapo Mkuyuni, anasubiri neno langu.

Nikikataa, mtoto hana dawa. Nikikubali, ukoo utasema nimegawa mtoto wao, nami nitabaki na moto wangu humu ndani. Huyu mtoto ndiye anayeniambia bibi leo chumvi imezidi. Akiondoka nani ataniambia?

Na sasa jino lake la mbele linacheza. Wenzake wakitoka jino wanalirusha juu ya paa, wanashangilia. Huyu namwambia usiliguse hata kwa ulimi.

Nishaurini wanangu, nimtoe? Au nikampigie kaka magoti tena? Maana juzi nilikwenda, mkewe akaniambia kalala, na mimi namsikia anakohoa, kile kikohozi chake cha tumbaku, tangu ujana wake yule… ngoja mwalimu, naitwa.

"Bibi, jino limetoka."

Naja mume wangu. Uma kitambaa, usifungue mdomo. Mwalimu, acha kuandika. Shuka Mkuyuni, kamwite baba yake.