Machipukizi Niliyoyakata Mapera

Kama ningerudishiwa siku moja tu ya kazi yangu, ningeomba ile asubuhi ya kijijini Mapera ambayo Mratibu wa Mradi aliniagiza nikate machipukizi yaliyobaki katika kahawa ya dada yangu kabla wageni hawajafika. Ningemjibu hapana. Siku ile nilijibu, "Sawa, bosi," nikachukua mkasi. Vijana wanaojifunza kubebesha kahawa siku hizi huja kuniuliza habari za kisu na ukanda. Nitazieleza, lakini siwezi kuzieleza bila kupita hapo.

Nilianza kazi Kitura baada ya kumaliza kidato cha nne, nikiwa msaidizi wa bwana shamba. Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kanisani. Bwana Shamba wa Tarafa, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliviangalia viatu, akaangalia mteremko wote ulivyojaa ngoro, yale mashimo tunayolimia sisi Wamatengo ili mvua isiondoke na udongo.

"Leo utatembea peku, mwanangu," alisema. "Hivyo vitunze, Jumapili haiko mbali."

Alinipa msumeno, tukashinda tunakata mikahawa iliyozeeka ibaki visiki ili ichipue upya. Katika kila kisiki aliniamuru niache tawi moja lenye majani. Aliliita tawi la kupumulia. "Ukilikata na hili, mti utakula nini?" Nikamuuliza linaachwa mpaka lini. Alifikiri kidogo, akasema, "Mpaka mti wenyewe ukuonyeshe." Niliitikia kana kwamba nimeelewa.

Wakati huo chama cha ushirika ndicho kilichotuletea kila kitu: miche, dawa, hata mikasi. Kisha soko likafunguliwa, na sitajifanya kwamba nililielewa jambo lile. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao, kila mmoja na mizani yake. Chama kikadhoofika. Dawa ya chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni changa zikiwa bado mtini, ikawa kitu cha kununua dukani, na wengi hawakuiweza. Mwezi huu tunaambiwa sisi ni watumishi wa halmashauri, mwezi ujao tumeazimwa kwa mradi wa kufufua kahawa, na katikati wenzetu wanapunguzwa kazi. Mkulima aliponiuliza amuuzie nani kahawa yake, nilimwelekeza kwa mnunuzi niliyemwona mwisho.

Mradi ndio ulioleta kubebesha. Badala ya kung'oa mkahawa wa zamani, unaukata, unangoja uchipue, kisha juu ya chipukizi unapachika kikonyo, yaani kipande cha chipukizi cha mkahawa wa aina mpya unaostahimili chulebuni. Kikonyo kitoke kwenye chipukizi lililosimama wima. Ukichukua tawi la pembeni, mti utatambaa badala ya kwenda juu. Unapasua chipukizi la kisiki katikati, unachonga kikonyo kiwe kama kabari, unakitumbukiza, na unahakikisha ngozi ya kijani iliyo chini ya gome imegusana na ya mwenzake angalau upande mmoja. Unafunga kwa ukanda wa nailoni, unafunika kwa mfuko wa plastiki kisikauke. Chini anabaki mwenyeji ambaye mizizi yake imeshauzoea udongo, juu anakaa mgeni. Lakini si kila kisiki kinafaa kubeba. Kilichotobolewa na bungua, yule mdudu anayekula shina kwa ndani, hakifai, wala kilichochoka. Kukitambua kilichochoka kwa kutazama gome tu ni ujuzi ambao sikuwahi kuupata vizuri.

Mafunzo ya kwanza tuliyafanya Mapera, nami nikiwa nimeshapanda kuwa bwana shamba. Nilipofika kwenye neno kubebesha, nilieleza kwamba ni kama mama anayebeba mgongoni mtoto wa mwenzake. Mzee mmoja jirani akanyoosha mkono.

"Sasa Bwana Shamba, buni zikiiva zitakuwa za mama au za mtoto?"

"Zako, mzee, ukipalilia."

"Aa. Basi hata baba hayupo." Watu wakacheka.

Dada yangu Redempta hakucheka. Alikuwa mkubwa wangu, mjane, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Kahawa yake ilinilipia shule. Ndiyo iliyokuwa maisha yake yote: chumvi, sare za mabinti zake, bati la nyumba. Baada ya mafunzo nilimwomba shamba lake liwe shamba la mfano, likatwe lote kwa mara moja, kwa sababu Mratibu alitaka hivyo. Alimaliza kupepeta mahindi, kisha akasema:

"Mdogo wangu, huyo mama unayemsema, anayebeba mtoto wa mwenzake. Wa kwake mmewapeleka wapi?"

"Tunawakata, dada. Wananyonya chakula."

"Wote?"

"Ndivyo tunavyofundishwa."

"Basi mimi sitaki hivyo. Kila kisiki kiachiwe chipukizi lake moja. Ukikubali hilo, lete msumeno."

Nikakubali. Sijui kama alikuwa anafikiri kitaalamu au anauhurumia mti. Nilimkumbuka mzee wa Kitura na tawi lake la kupumulia, nikaona hakuna ubaya. Tulikata baada ya mavuno, na mvua zilipokolea nikabebesha. Kila kisiki kilikuwa na vikonyo viwili na chipukizi moja la kwake.

Karibu na mwisho wa mvua Mratibu wa Mradi alikuja kukagua. Alikuwa kijana msomi, mchapakazi, na hakuwa mtu mbaya. Alisimama katikati ya shamba akakunja uso.

"Hizi takataka za nini?"

"Ni za kupumulia, bosi. Halafu mwenye shamba aliweka sharti."

"Mwenye shamba si ndiye dada yako?"

"Ndiye."

"Basi limekuwa rahisi. Mwongozo unasema chipukizi lisilobebeshwa linakiibia kikonyo. Wageni wa wafadhili wanafika keshokutwa. Au wewe una mwongozo wako?"

Mwongozo ulisema hivyo kweli. Mzee wa Kitura alisema vingine, na yeye alikuwa ameshastaafu. Nilisimama pale nikiwaona wote wawili wana haki, na nikakumbuka wenzangu waliopunguzwa. Redempta hakuwepo, alikuwa amekwenda mazishini Kitura. Ningeweza kusema tumngoje arudi. Nilisema, "Sawa, bosi." Mpaka jioni sikuacha hata moja.

Dada alirudi kesho yake. Alipita mstari wa kwanza, akapita wa pili, akaja niliposimama.

"Uliumwa?"

"Hapana, dada."

"Nilidhani una homa. Mwenye homa husahau alichoahidi."

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakapiga makofi. Kipupwe kilipoingia, majani ya vikonyo yakaanza kujikunja. Nilifungua kanda nikidhani zimebana. Nikapunguza kivuli, kisha nikakirudisha. Vikonyo vikakauka kimoja baada ya kingine, na visiki, vikiwa havina jani hata moja, havikuchipua tena. Nilichimbua kimoja nikakuta mizizi myeusi.

Hapa ndipo vijana hunibana niwape sababu, nami sina. Huenda visiki vilikuwa vimechoka. Huenda vikonyo vilikaa mno njiani. Kitura nako, mradi ulipofika, tulikata machipukizi yote vilevile, na kahawa ikastawi. Bondeni mkulima mmoja aliyaacha, na kahawa yake ikafa pia. Huenda yale ya dada yangu yasingeokoa kitu. Nimeliwaza jambo hili miaka mingi na kila nikifika mwisho najikuta nimerudi nilikoanza. Ninachokijua ni kwamba ahadi ilikuwa yangu, na mkasi ulikuwa mkononi mwangu.

Redempta alipanda mahindi kati ya visiki vilivyokufa, hayakumtosha. Akateremka Lituhi, kando ya ziwa, kwa binti yake aliyeolewa huko, akawa ananunua usipa, wale dagaa wa ziwa letu, anawaanika na kuwauza. Mwanamke wa milimani, hakuwahi hata kujua kuogelea.

Baadaye nami nilihamishiwa Lituhi kushughulikia mihogo na mpunga. Mkuu wangu mpya, Afisa Kilimo, aliniuliza kama nina ndugu huko. Nilisema ninaye dada. Nilimkuta ufukoni, anageuza usipa kwenye kichanja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Bwana Shamba."

Nikangoja aniite mdogo wangu, kama zamani. Akaendelea kugeuza samaki.

"Dada, nimekuja kukaa huku huku."

"Karibu Lituhi, Bwana Shamba. Ukitaka usipa wakavu, njoo kesho. Hawa bado."

Nilikwenda kesho yake na siku nyingi baadaye. Aliniuzia kama alivyowauzia wengine, kipimo kilekile, hakunipunja wala kuniongeza. Nilimwomba msamaha mbele ya binti yake. Akasema amesikia.

Nilistaafu nikiwa Mbinga mjini, na mkono wangu bado unaweza kubebesha. Nikiulizwa kuhusu machipukizi, nasema fuateni mwongozo wa sasa, kwa maana utafiti umeendelea, lakini shamba lina mwenyewe, na kama hayupo, mngojeni. Wengine huniona mzee anayekwepa swali. Huenda ni kweli.

Dada yangu alifia Lituhi. Watoto wake hawakunitumia habari. Niliisikia sokoni Mbinga kwa mwanamke muuza samaki, aliyedhani nimeshatoka msibani, akanipa pole, wakati matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Kukubali kwangu asubuhi ile ya Mapera kulinipotezea dada aliyenilea: niliishi karibu naye miaka yote ile bila udugu, na alipokufa sikumzika.