Maji ya Betri

Aliyeanza kuiita asidi ya betri "maji" alaaniwe huko aliko. Ndivyo mshonaji alivyowaza kila alipomkorogea mumewe uji mwepesi, maana kingine hakikupita kooni. Mume alikuwa fundi rangi, mcheshi wa mtaa mzima. Siku moja ya jua kali aliingia dukani kwa shemeji yake, muuza maji ya betri, akaona chupa ya maji ya kunywa juu ya kaunta, akapiga funda moja. Tangu hapo anaongea kwa kunong'ona, na utani wake mpaka umwinamie ndipo uusikie.

Shemeji huyo ndiye kaka yake mshonaji, tumbo moja. Sheria inataka asidi iuzwe kwenye dumu lenye alama ya hatari, lakini dumu hununuliwa, na chupa tupu huokotwa. Kaka alikuja hospitalini na machungwa. Machungwa, kwa mtu aliyeungua koo. Akasema ni bahati mbaya, akaapa chupa zile ameshazitupa, na dada akameza hasira kwa kuwa kaka ni kaka.

Asubuhi hii kaka aliingia chumba cha kushonea akihema, anaburuta kiroba.

"Niwekee chini ya meza, dada. Mkaguzi wa serikali yuko duka la tatu kutoka hapa. Akishapita nakuja kuyachukua."

"Kuyachukua nini?"

"Si haya maji ya betri."

Kaka akafungua kiroba. Chupa zile zile za maji ya kunywa, hata karatasi zake hazijabanduliwa. Chumba cha pili mumewe alikuwa anakohoa.

Mshonaji alikokota kiroba mpaka nje, akazipanga chupa barazani moja moja. Mkaguzi, begi kwapani, akasimama mbele yake.

"Haya ya nani, mama?"

Kaka alimshika dada mkono, akamsogelea sikioni. "Usinimalize. Damu nzito kuliko maji."

"Maji yapi?" Alifungua kizibo, akamsogezea kaka chupa mdomoni. "Haya? Haya, kunywa, kaka yangu. Mume wangu alikunywa kwako."

Kaka aliruka nyuma mpaka akagonga ukuta, mikono usoni. Mkaguzi hakuuliza tena ya nani.