Kivuli cha Paa

Shangazi yangu ni mfupi, na kazi yake ni kutibu ng'ombe wa watu. Ndiyo maana anapenda gari la wazi. Akifika malishoni husimama juu ya kiti, akashika kioo cha mbele, akalitazama kundi zima. Mnyama mgonjwa, husema, hujitenga na wenzake kabla hajalala chini. Gari lenyewe analiita Paa, kwa jinsi linavyoruka mashimo kama yule mnyama wa mbugani, na wafugaji nao wamemwita Mama Paa tangu mimi niko shuleni.

Mwaka huu jua lilimfikia. Kinyama kilianza kuota kwenye jicho la kulia, na daktari wa macho akasema aendeshe kivulini au asiendeshe kabisa. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, akatia ufunguo wa Paa mfukoni.

"Mpaka gari lifunikwe, dada. Ama liuzwe."

Shangazi akampigia simu fundi wa turubai: "Nitengenezee kivuli cha Paa." Tulipofika karakana, fundi alikuwa ameshashona paa. Paa hasa, la turubai zito, limewambwa kama ngoma.

"Nilisema kivuli cha Paa," shangazi akamwambia. "Sikusema paa la kivuli."

"Si ni yale yale, mama?"

"Paa ndiye huyu." Akagonga boneti.

Baba alilipenda lile la turubai. Shangazi akapanda, akajaribu kusimama, kichwa kikagota turubai. Akakaa. Mimi ni mwepesi wa kuuona mwisho wa mambo, na nilidhani nimeuona: Paa atauzwa.

"Humu hemani nitatibu nini?" akasema. "Mbu?" Kisha akanyoosha kidole pembeni, kwenye robota la wavu mweusi. "Na ule?"

"Ule wa kufunikia miche, mama."

"Miche haipendi jua, na mimi silipendi. Nishonee huo. Upande wa mbele utie mikanda, nikisimamisha gari niukunje nyuma."

Baba akacheka. "Wavu! Jua litapita kama maji kwenye chujio."

"Basi kaa chini yake wewe. Likikuchoma, uza gari."

Fundi akashona, tukangoja. Adhuhuri Paa akasogezwa uani, pasipo na mti wala ukuta wa kumkinga. Baba akapanda na gazeti lake, amekunja uso kama hakimu. Jua lilikuwa kali hata mafundi wakaacha kupiga soga. Tulipokwenda kumtazama, kidevu kilikuwa kifuani, gazeti limeanguka miguuni, na usoni pake vidoa vidogo vya mwanga vimetulia. Hata tone la jasho hana.

"Mzee kalala," fundi akanong'ona.

"Nafikiri," baba akasema, macho kayafumba.

"Ndugu yangu, kumbe siku hizi watu hufikiri kwa kukoroma?" shangazi akauliza.

Baba akajikohoza, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. "Shika, dada."

Shangazi akafungua mikanda, akakunja wavu, akasimama juu ya kiti. Akaikagua karakana nzima, polepole, kama kundi la mtu.

"Yule wa kule kwenye cherehani kajitenga na wenzake," akasema. "Mwangalieni, asije akawa anaumwa."

Karakana ikaangua kicheko. Mteja mmoja aliyekuwa mlangoni akauliza mama yule ni nani.

"Yule?" baba akajibu, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika. "Dada yangu."