Sahani ya Mgeni

Tryphena Wakesho, mzaliwa wa Mwatate, kazi yake ni kuchunguza watoto wanakula nini. Huja na mizani ndogo ya jikoni, akapima sahani kabla mtoto hajala, akapima na mabaki, kisha akakokotoa vitamini zilizoingia tumboni. Watu wa Sagalla, mlimani juu ya Voi, wakambandika jina, Daktari wa Sufuria. Hakununa. Jina la utani halimnyimi mtu riziki.

Tatizo lilikuwa kwingine. Damu ya watoto wa kule mlimani ilionyesha upungufu wa vitamini A, ile inayolinda macho. Lakini mizani ilionyesha wali, nyama na kabeji, kana kwamba kila nyumba ina harusi. Mkubwa wake, Donald, akampigia simu kutoka ofisini Voi.

"Damu inasema hivi, sahani inasema vile. Zisipopatana mwezi huu, Sagalla tunaitoa kwenye utafiti."

Ikitolewa, mbegu ya viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vilivyojaa vitamini hiyo, ingepelekwa kwa wengine.

Tryphena hakuhitaji mganga kumwonyesha kosa. Kila mara alikuwa akituma habari kwamba anakuja, na mtu wa Sagalla hampi mgeni chakula cha kila siku, hata ikibidi akope. Mtoto naye anaponea hapo hapo. Mizani ilikuwa ikipima heshima ya mgeni.

Safari iliyofuata hakutuma habari. Alipanda bodaboda asubuhi, akamkuta Mable, mamake Elsie, mmoja wa watoto anaowapima, akitifua shamba kavu kungojea mvua.

"Karibu, daktari! Ngoja nikabandike wali."

"Wali siutaki. Nipe jembe."

"Hee! Hata siku ya tatu haijafika, dada! Unataka nisemwe nimemlimisha daktari?"

"Waseme. Nikilima mimi si mgeni."

Walilima mpaka jua likawatoa. Mable akapakua kilichokuwepo: kimanga cha muhogo na maharagwe, kimepondwa kikapondeka, na chai ya rangi. Mboga hakuna. Mchicha kidogo uliokuwepo ulikuwa umeshateremka sokoni Voi. Tryphena akatoa mizani.

Mable akafunika sahani ya mtoto kwa mkono. "Kumbe ndicho ulicholimia! Ukaseme Voi kwamba Mable analisha mtoto muhogo mtupu."

"Jina lako haliandikwi, mama Elsie. Kimanga hakina kosa, kimekosa mwenzake tu. Nikipima hiki, Sagalla haitolewi kwenye utafiti, na mbegu ya viazi inakuja."

"Inakuja kwa nani?"

"Kwa nyumba zote tunazopima."

"Mimi kwanza."

"Wewe kwanza. Lakini vya kwanza kuvunwa vinaingia kwenye kimanga cha Elsie, si sokoni."

"Na maji? Viazi vinakunywa, na mimi mwenyewe nina kiu."

"Yale ya kuoshea vyombo unayamwaga nyuma ya jiko. Panda hapo hapo."

Mable akatazama nyuma ya jiko, akaondoa mkono.

Tryphena akalima nyumba kwa nyumba, viganja vikatoka malengelenge. Mwezi ulipokwisha, damu na sahani zilikuwa zinasema mamoja. Donald akaibakiza Sagalla kwenye utafiti.

Mable alipewa mbegu kwanza, kama walivyopatana. Jirani aliyetaka kipande cha mbegu kabla ya zamu yake alikipata kwa kumlimia Mable asubuhi moja. Viazi vilipokomaa, Elsie alikikataa kimanga chenye rangi ngeni, akalia, kisha njaa ikamshinda akala.

Tryphena alipopanda tena mlimani, Mable hakutaja wali. Alimwonyesha jembe lilipo.