Noti ya Biblia na Pasi ya Emmaculate

Saa nne asubuhi, Timbwani, Likoni. Emmaculate Fondo ananawa mikono kwa sabuni, anaikausha kwa kitambaa, halafu anaifuta tena kwa kitambaa kingine. Mteja wake, Judy, hapepesi macho, utadhani anasubiri majibu ya daktari.

Mezani kuna noti moja tu: dola kumi za Malaya na Borneo ya Waingereza, ya mwaka 1961, yenye picha ya mkulima akilima kwa nyati. Marehemu baba yake Judy, aliyekuwa baharia, alirudi nayo kutoka Singapore akaihifadhi ndani ya Biblia.

Jana mfanyabiashara mmoja wa Nyali anayenunua noti za kale aliitazama dakika moja, akasema imepigwa pasi ili ionekane mpya, akataja shilingi elfu mbili. Judy anashona nguo Kisauni kwa cherehani ya kukodi. Cherehani anayoitaka ni elfu kumi na nne.

"Baba hakuniachia kitu kingine, mama," anasema. "Kama ni elfu mbili, niambie, niende zangu."

"Tulia, mwanangu. Pasi naijua mimi."

Na kweli anaijua. Kwa miaka kumi na tisa Emmaculate, sasa mwenye miaka 54, alipiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Shanzu. Siku moja mgeni mzee alimwachia bakshishi: noti kama hii hii, yenye kunjo na doa la chai. Akaifanya alivyofanya kila kilichokunjamana. Akaifua, akaitia stachi, akaipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe.

"Nilijiona mjanja! Nikaipeleka kwa mnunuzi inang'aa. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, mama, umeiua, noti iliyofuliwa haina bei."

Alilia njia nzima. Kisha akakasirika, na hasira hiyo haijaisha hadi leo. Alianza kuuliza mabaharia, kusoma vitabu vya bei, kununua noti zilizochakaa ili azichunguze. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi, akafungua meza hii ya kukagua noti za kale. Siku nzuri hupata shilingi mia nane. Siku mbaya hurudi nyumbani na njaa yake.

Sasa anatoa ile noti aliyoiua na kuilaza kando ya ya Judy. Anawasha tochi na kuilaza ubavuni, mwanga upite juu ya karatasi. Kwenye noti ya Judy wino umeinuka, vidole vinausikia. Kwenye yake umelala kabisa. Anainusa ile ya Judy: hakuna sabuni. Anaitikisa karibu na sikio, nayo inalia kikavu. Dhidi ya mwanga, kichwa cha simbamarara kinajitokeza ndani ya karatasi.

"Imenyooka kwa sababu imelaliwa na Biblia miaka sitini," anasema. "Biblia haina moto."

Lakini hafichi kasoro. Kwenye pembe kuna tundu la pini, na katikati mikunjo miwili myepesi. Bila tundu hilo angetaja elfu ishirini. Sasa anataja kumi na tano.

Kuna jambo moja linalomkaba. Mfanyabiashara yule wa Nyali ndiye mteja wake mkubwa: humwita kila wiki kumkagulia noti na kumlipa shilingi mia tano kwa kila moja. Hata hivyo anampigia simu, anaweka sauti ya juu, Judy asikie.

"Hii noti ya nyati, bosi. Uliona nini hata ukasema pasi?"

Upande wa pili kicheko. "Kumbe amekuja kwako! Mwambie tu ilipigwa pasi, mama. Chai yako elfu tatu."

Judy anaziba mdomo kwa kiganja.

"Mwenye noti ulimtajia elfu mbili, mimi unipe tatu?" Emmaculate anauliza. "Basi sikia. Yuko hapa na amekusikia. Na noti zako tafuta mwingine wa kuzikagua."

Anakata simu.

"Umepoteza kazi kwa ajili yangu," Judy anasema.

"Si kwa ajili yako. Nilichekwa mara moja kwa kutojua. Sasa najua, halafu ninyamaze?"

Jumamosi, Lenox, fundi mstaafu wa meli anayekusanya noti huko Changamwe, atakuja kuitazama. Emmaculate amemweleza habari za tundu kabla ya kumtajia bei. Judy anairudisha noti ndani ya Biblia na kuikumbatia.

Emmaculate naye ana mpango wake. Anaweka akiba kidogo kidogo apate meza Nyali, mkabala na duka la bwana yule.

"Na hii yangu nitaitundika mbele, palipo wazi," anasema, akiinua noti yake iliyokufa. "Kila asubuhi akifungua duka, aione. Iliyopigwa pasi ni hii."